Tulizo Anatafuta Msonyo

Kupendwa na kila mtu ni kazi, tena kazi isiyo na likizo. Tulizo alilijua hilo siku nyingi, ila hakuwa na wa kumlalamikia, maana kila akijaribu kumlalamikia mtu, mtu huyo alimpenda zaidi.

Hata jina la Tulizo halikuwa lake. Lilikuwa la binti wa filamu yake ya kwanza, aliyoicheza angali na sare za shule: binti anayemwogesha baba yake kipofu, anayesomesha wadogo zake kwa kushona vitambaa vya meza, na mwishoni anamsamehe mjomba aliyewadhulumu nyumba. Watu walilia mpaka wakaombana leso. Tangu hapo waongozaji wakawa wanamwita kwa jambo lile lile. Alipofika umri wa kuolewa akawa mke anayesamehe. Baadaye akawa mjane anayesamehe. Kuna wakati walimpa nafasi ya nesi, akadhani amepona, kumbe nesi naye alikuwa na mtu wake wa kumsamehe ukurasa wa mwisho.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na ushee, na mtaani alikuwa hawezi kupanga foleni kama watu wengine. Akisimama tu, mtu anamshika mkono, "Pita mbele, mwanangu," na huyo anayemwita mwanangu hata ndevu hazijakomaa. Kina mama walimpakatisha watoto wachanga bila kumuuliza kama amenawa. Fundi viatu alimsimulia alivyogombana na kaka yake, kisha akamtazama, akisubiri asamehewe kwa niaba ya huyo kaka. Siku moja alimkanyaga mzee mmoja mlangoni pa benki, tena kwa kisigino, na yule mzee akamwambia asante.

Ndiyo maana skripti ya mke muuaji ilipomfikia aliisoma amesimama. Hadithi yenyewe ilikuwa fupi: mke anaitaka nyumba, na kati ya mke na nyumba yuko mama mkwe, kikongwe mgonjwa wa kitandani. Basi mke anamuuguza mpaka anakufa. Tulizo alirudia ukurasa wa mwisho kuhakikisha. Hakuna aliyesamehewa.

Aliyeumia kwa habari hizo ni mama yake. Kuwa mama wa Tulizo kilikuwa cheo, na mama alikuwa amekitumikia vizuri. Harusini alikalishwa meza ya mbele hata pale ambapo hamjui bwana wala bibi harusi. Kwenye vikao vya kina mama aliombwa asimame aseme mawili matatu kuhusu malezi, na yale mawili matatu yalikuwa yakirefuka kila mwaka. Kwa hiyo aliposikia habari za mama mkwe na kitanda, aliweka kijiko chini taratibu, akauliza yeye sasa watu atawaambia nini. Na mchumba je? Mwanaume gani atampeleka kwa mama yake mwanamke ambaye kila mtu amemwona kwa macho yake anaua mama mkwe?

"Ni maigizo tu, mama."

"Na ule wema nao ulikuwa maigizo?"

Jibu lilikuwa ndiyo, kwa hiyo Tulizo akamwongezea mama mchuzi.

Shangazi yake alikuwepo, kwenye kiti chake cha dirishani, na magoti yake mabovu ameyanyoosha juu ya kigoda. Alikuwa dada wa marehemu baba, akaja kuuguzwa pale magoti yalipomkataa, na hakuondoka tena. Yeye na mama walikuwa mawifi wa kupigiwa mfano. Majirani walikula kiapo kwamba hawajawahi kusikia sauti ikipanda katika nyumba ile. Siku hiyo pia shangazi hakupandisha sauti wala kuishusha. Alitazama nje tu, kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa.

Kazi ikaanza. Mwongozaji alikuwa kijana mwenye kofia asiyoivua hata chooni, na kuhusu uovu alikuwa na wazo moja tu: kwamba ni mwekundu. Kucha nyekundu, midomo myekundu, gauni jekundu linalong'aa, ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu angelivaa kwenda kubadilisha shuka za mgonjwa. Akampa na sigara. Tulizo hakuwahi kuvuta maishani. Alivuta, akakohoa, machozi yakamtoka, ikabidi mpambaji aje kumchora nyusi upya. Akaambiwa sauti aishushe iwe nzito, mlango aubamize, na kila akimtazama mama mkwe akaze jicho moja. Mwongozaji aliliita jicho la chui. Tulizo alipojiangalia kwenye kioo aliona mtu aliyeingiwa na mchanga jichoni.

Halafu kulikuwa na suala la tabia. Mama mkwe aliigizwa na bibi mmoja mkongwe wa fani, aliyekwishakufa kwenye filamu nyingi kiasi kwamba alikuwa analala usingizi wa kweli huku kamera inazunguka. Kila mara mwongozaji akisema kata na kamera kusimama, Tulizo anatupa mto aliomkandamizia, anamwinua, anamfuta jasho, anamuuliza kama ameumia. Bibi akavumilia mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Mwanangu," akamwambia, "niache nife kwa raha."

Bosi wao, yaani mtayarishaji, mtu mnene mpole ambaye hujui kama amelala au anasikiliza, alikuwa na utaratibu wake ambao kila mtu katika kazi ile aliujua na kuuogopa. Kabla filamu haijakamilika alikodi ukumbi wa mikutano mchana, akaalika watu wasiohusika na sinema: mafundi cherehani, madereva, wauguzi waliotoka zamu, kina mama waliokuja na umbea wao. Akawapa soda, akawazimia taa. Hakuwauliza maswali, kwa sababu alisema mtu akiulizwa anakuwa mpole. Yeye alikaa nyuma kabisa gizani akisikiliza jambo moja tu: msonyo. Ule mlio wa mate kuvutwa kwenye meno, wa mtu aliyechukia mpaka maneno yamemkwama. Mwovu akitokea, watu wasonye. Kwa hesabu za bosi, mwovu ambaye hajasonywa alikuwa mgeni tu kwenye filamu, aandaliwe chai aende zake.

Siku ya onyesho Tulizo alikaa karibu na bosi, mtandio umemfika puani. Taa zikazima. Akajiona kwenye pazia la picha, na kucha zake nyekundu.

"Jamani, Tulizo kapendeza," akasema mama mmoja.

Akawasha sigara, ukumbi ukacheka, kicheko kile cha kumcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Akabamiza mlango, dereva mmoja akawaeleza wenzake kwamba huyo amechoka tu, kuuguza kunachosha. Akamtukana mama mkwe matusi ya nguoni. Fundi cherehani akasema hilo ni pepo, si yeye, na safu nzima ikakubali kwamba akiombewa litatoka. Mwishoni akachukua mto akaukandamiza usoni mwa kikongwe. Ukumbi ukatulia, ukatulia kabisa, na bosi akainua kichwa. Ndipo muuguzi mmoja akasema kwa uchungu, "Kampumzisha. Alikuwa anateseka yule."

Leso zikatoka. Msonyo haukusikika hata wa bahati mbaya.

Kwenye korido bosi hakugomba. Alisema dawa ipo, ni pacha. Mwisho kabisa mlango wa stoo unavunjwa, anatoka Tulizo wa kweli na gauni jeupe, kumbe alikuwa amefungiwa humo muda wote na muuaji ni pacha wake. Kisha anamsamehe. Mwongozaji alikuwa ameshaanza kuandika, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi kwa msisimko.

 Tulizo alijua pacha yule akishaingia hatatoka. Ataendelea kuvaa magauni meupe mpaka awe bibi anayesamehe wajukuu, na siku ya maziko yake watu watasimama kumshukuru kwa mambo ambayo waliyaandika watu wengine. Filamu hii ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kutoka, na nyingine haikuwepo nyuma yake.

"Bosi," akasema, "ukileta pacha, hata siku nikiua kweli polisi watamtafuta yeye."

Bosi akacheka mpaka tumbo likatingishika, na alipomaliza kucheka akawa amelainika. Karibu filamu yote ilikuwa ya chumba kimoja, kitanda kimoja na watu wawili, kwa hiyo akampa siku moja ya kurudia kazi na onyesho moja la mwisho. "Niletee msonyo," akamwambia. "Mmoja tu unanitosha. Ukikosekana, naita pacha."

Tulizo akarudi nyumbani kutafuta uovu. Alijilaza kwenye kochi, akafumba macho, akawaza wachawi, majambazi, wanawake wenye bastola kwenye mikoba. Wote aliwaona wamevaa nyekundu. Akafumbua macho kwa kukata tamaa, na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutazama, akamtazama mama yake akimpa shangazi chai.

Lilikuwa jambo la kila siku. Mama alikuja na kikombe kwenye kisahani, anatabasamu, sauti imejaa asali. "Chai hiyo, wifi yangu, kunywa ingali ya moto." Akakiweka kwenye meza ndogo. Si mbali. Mbele kidogo tu ya pale mkono wa shangazi unapofika. Shangazi akaunyoosha mkono, vidole vikaishia ukingoni mwa meza, akaurudisha mapajani kama vile alikuwa ananyoosha viungo. Mama akavuta kiti, akakaa kuzungumza naye kwa upendo, akamweleza habari za majirani, akamtengenezea kola ya gauni. Chai ikaacha kutoa moshi. Ikaota utando. Kisha mama akasimama, akakitazama kikombe kwa masikitiko, akasema, "Leo hukuitamani, eh? Basi wifi, usijilazimishe." Akakichukua akaenda nacho jikoni, anaimba chinichini.

Tulizo alikuwa ameliona jambo hilo maisha yake yote. Hakuwa amelitazama hata mara moja. La aibu ni kwamba kilichomjia kwanza hakikuwa huruma. Kilikuwa furaha.

Kesho yake alimwambia mpambaji amfute rangi zote. Akavaa gauni la nyumbani lililopauka kwa kufuliwa. Sigara akamrudishia mwenye nayo. Mwongozaji akamfuata mpaka kwenye kioo, anahangaika.

"Sasa dada, watu watajuaje kwamba wewe ni mbaya?"

"Hawatajua. We washa kamera."

Akaingia chumbani na kikombe cha uji, uso wake ni ule ule wa kurasa za mwisho, uso uliomsamehe mjomba. Akamwita kikongwe mama. Akamtengenezea mto. Akaweka kikombe kwenye stuli, mbele kidogo ya pale mkono unapofika, akakaa kitandani akamsimulia jua la siku hiyo lilivyo zuri. Bibi mkongwe, aliyekuwa hajaambiwa, alinyoosha mkono kweli, akitafuta kikombe kweli. Usingizi wote ulikuwa umemtoka. Uji ukapoa, Tulizo akasikitika, akaubeba akatoka. Wakarudia kwa maji, wakarudia kwa dawa, kila mara na tabasamu lile lile, mpaka mkono wa bibi ukaacha kunyooka wenyewe, na mwongozaji akasahau kusema kata.

Tulizo alipokwenda kumwinua kama kawaida yake, bibi alijivuta upande wa ukutani.

"Usiniguse kwanza," akasema. Akamwita mpambaji amletee maji.

Onyesho la mwisho mama alikuja bila kualikwa. Alisema kama ni kuaibika ataaibika amekaa mbele, na akamkokota shangazi na fimbo yake, kwa sababu haikuwa sura nzuri mama wa Tulizo kuonekana amemwacha wifi mgonjwa peke yake nyumbani. Wakakalishwa safu ya kwanza. Tulizo alibaki nyuma na bosi.

Taa zikazima. Akatokea na gauni lake lililopauka, na ukumbi ukashusha pumzi kwa raha. Huyo sasa ndiye Tulizo wao. Kikombe cha kwanza kikaja, kikawekwa. Watu walitabasamu. Mkono wa kikongwe ukanyooka, ukarudi, wakadhani ni bahati mbaya. Alipokaa kuanza kusimulia habari za jua, dereva mmoja akasema kwa sauti ndogo, kama anayemkumbusha mtu aliyesahau, "Dada, kikombe. Msogezee." Kikombe cha pili kikaja, na hapo hakuna aliyetabasamu. Mtu akaanza kutafuna ukucha. Cha tatu kilipokuja kulikuwa kimya cha maji mtungini, ukumbi mzima umeegemea mbele, na watu kadhaa walikuwa wamenyoosha mikono yao wenyewe bila kujijua. Tulizo wa kwenye pazia akachukua kile kikombe, akakitazama kwa masikitiko, akasema, "Leo hukuitamani, mama? Basi usijilazimishe."

Msonyo ukatoka safu ya mbele.

Ulikuwa mrefu, wa mtu mwenye mapafu na uzoefu, ulioanzia kwenye magego ukapita meno yote hata ya mbele. Na kabla haujakatika, mama yake Tulizo alikuwa amesimama wima, kivuli chake kimeziba nusu ya pazia.

"Mwanamke gani huyu asiye na haya," akasema. "Mtu mzima umwekee chai mbali halafu umchekee? Umelelewa na nani wewe?"

Ukumbi ukampokea. Wakasonya wote, mafundi, madereva, muuguzi ndiye aliyewashinda wote, na mama mmoja akamwombea Tulizo wa kwenye pazia maradhi matatu kwa majina. Bosi alikuwa amefumba macho, mikono juu ya tumbo, anasikiliza kama mtu aliye kwenye muziki. Hakumtaja pacha tena, siku hiyo wala siku nyingine.

Shangazi alikuwa hajasonya. Alikuwa amejiinamia kwenye fimbo yake na mabega yanatikisika, na waliokaa karibu walimpigapiga mgongoni, wakidhani analia.

Taa zilipowaka watu walimpita Tulizo mlangoni. Walimwona, wakamjua. Hakuna aliyemwita mwanangu. Mama mmoja alimhamishia mtoto wake bega la upande wa pili. Tulizo akasimama kwenye foleni ya kutoka mpaka zamu yake ilipofika, na alikuwa na furaha mpaka alitamani kumkumbatia mtu, ila hakupatikana wa kukumbatiwa.

Kwenye teksi mama alikaa mbele na dereva, Tulizo na shangazi nyuma. Hasira za mama zilikuwa hazijaisha, zilikuwa zimehamia tu kwa mwandishi. Alisema aliyeandika mambo yale si mtu mzuri. Kuua kwa mto, sawa, watu hushikwa na hasira. Lakini ule ukatili wa kikombe, wa kupanga, wa kuchekeana, mtu anautoa wapi? Akageuza shingo nusu.

"Hebu niambie ukweli. Ile tabia umefundishwa na nani?"

Tulizo akahisi goti la shangazi limegusa la kwake. Akavuta pumzi, akaweka ule uso wake mzuri.

"Na mwongozaji, mama. Yule mwenye kofia."

"Nilijua," mama akasema, ametulia kabisa. "Nilivyomwona tu. Mtu havui kofia mbele ya watu wazima." Akaanza kumweleza dereva kuhusu malezi, mawili matatu, na dereva akawa anaitikia kwa kichwa kila kwenye kona.

 Shangazi akasogea, mdomo ukafika sikioni mwa Tulizo.

"Umecheza vizuri," akanong'ona. "Ila umesahau kitu. Akishakipeleka kikombe jikoni, huwa anarudi anawaambia wageni, maskini, wifi siku hizi chakula hakimpiti."

Tulizo alijua kabisa kwamba hapo ndipo pa kusema pole. Binti wa zile filamu zote angeisema mara moja, angeushika mkono wa shangazi, angelia kidogo. Pole yenyewe ilikuwa tayari kwenye ulimi, imeiva.

"Anayasema kwa sauti gani?" akauliza.

Shangazi akamtazama kidogo, kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akakunja shingo upande, akaweka mkono kifuani, akamwonyesha.